Vifo 104 kwa vizazi 100,000: namba hii inatoka wapi?

Tangu yatoke matokeo ya utafiti wa afya wa Tanzania wa mwaka 2022, kila anayezungumzia vifo vya uzazi hutaja 104. Haya ndiyo maswali ninayokutana nayo zaidi.

104 ni nini hasa?

Ni vifo vya wanawake vilivyotokana na ujauzito au uzazi, hadi siku 42 baada ya kujifungua, kwa kila vizazi hai 100,000. Si idadi ya waliofariki nchi nzima, ingawa wapo wanaoisoma hivyo wakashusha pumzi. Utafiti wa 2015-16 ulitoa 556. Yaani tumetoka kifo kimoja katika vizazi 180 hadi kimoja katika vizazi 960 hivi.

Nani alihesabu, na kwa njia gani?

Ofisi ya Taifa ya Takwimu na Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali Zanzibar, pamoja na wizara za afya za pande zote mbili. Wadadisi waliingia kaya zaidi ya 15,000. Mwanamke huulizwa habari za ndugu zake wa tumbo moja, mmoja mmoja: yu hai? Kama dada alifariki, alikuwa na umri gani? Alikuwa mjamzito? Alikuwa ametoka kujifungua? Si maswali mepesi kumuuliza mtu sebuleni kwake.

Si wangechukua tu vitabu vya hospitali?

Vinatumika, ila kwa kazi nyingine. Mama akija na kadi yake namba 4, ile ya kliniki ya wajawazito, taarifa zake zinaandikwa kitabu namba 6 cha MTUHA, mfumo wa serikali wa kukusanya taarifa za vituo vya afya. Akija na uchungu, ni kitabu namba 12. Mwisho wa mwezi nesi anajumlisha mistari, pengine kwa kikokotoo cha simu, na jumla hizo zinaingizwa kwenye mfumo wa kompyuta. Tatizo ni kwamba aliyejifungulia nyumbani hayumo kitabuni. Mwaka 2022 asilimia 81 ya vizazi vilitokea vituoni, kutoka 63 katika utafiti wa 2015-16. Hao waliobaki ndio walio mbali na msaada damu ikianza kumwagika.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria 238 kwa mwaka 2020. Nani mwongo?

Hakuna mwongo. Shirika hilo linatumia modeli ya kitakwimu ili nchi zilinganishike, na linafidia vifo visivyoripotiwa. Utafiti wa kaya nao hukutana na vifo vichache, kwa hiyo namba yake ina upana mkubwa wa makosa. Halafu fasili ilibadilika: 556 ilijumuisha kila kifo kilichotokea wakati wa ujauzito na miezi miwili baada yake, hata cha ajali, 104 imeziondoa ajali. Mimi naamini mwelekeo, kwamba vifo vimeshuka, kuliko tarakimu yenyewe.

Kituo chetu hakijapata kifo kwa miaka miwili. Tupo vizuri?

Labda. Kituo chenye vizazi 300 kwa mwaka, hata kwa kiwango cha 104, kingetarajia kifo kimoja kwa zaidi ya miaka mitatu. Sifuri ya miaka miwili inaweza kuwa bahati tu. Fungueni friji ya oksitosini, dawa ya kuzuia mama asivuje damu baada ya kujifungua, muone inasoma nyuzi joto ngapi. Inatakiwa iwe kati ya 2 na 8. Angalieni rufaa ya mwisho ilichukua saa ngapi kupata gari. Hayo yatawaambia mengi zaidi.

Na watoto je?

Hapa ndipo ningebandika bango. Vifo vya watoto chini ya miaka mitano vilishuka kutoka 67 hadi 43 kwa kila vizazi hai 1,000. Lakini vya watoto wachanga, wa siku 28 za kwanza, vilitoka 25 hadi 24 tu. Chanjo na vyandarua haviwezi kumwokoa aliyezaliwa njiti au aliyekosa hewa akizaliwa. Ndiyo maana mama na mtoto wanatakiwa kuangaliwa ndani ya saa 48, kisha warudi siku ya 7, ya 28 na ya 42. Mahudhurio hayo yana kitabu chake, namba 13. Katika vile nilivyowahi kupitia, safu ya saa 48 imejaa, kwa sababu mama bado yupo wodini. Ya siku ya 7 ina mapengo. Ya 28 unaweza kugeuza kurasa mbili bila kuona wino.