Kisu kabla ya mashine: korosho bora kwa familia ngeni Mtwara na Lindi

Familia ikihamia Masasi, Newala au Nachingwea na kutaka biashara ya korosho zilizobanguliwa, swali la kwanza huwa ni mashine. Mimi huanza na kisu na mizani ya gramu, vya kupimia ubora wa korosho kabla ya kununua. Mashine nzuri ikilishwa korosho mbovu hutoa vipande vyenye madoa, na hakuna oveni inayoweza kuvitengeneza.

Ardhi niipitie haraka. Raia aliyetoka mkoa mwingine anaomba kwa serikali ya kijiji na suala linapelekwa mkutano mkuu; hakikisha muhtasari umeandikwa na nakala unayo. Asiye raia hapewi ardhi ila kwa ajili ya uwekezaji, kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999. Ukipanda miche iliyobebeshwa kwa nafasi ya mita 12 kwa 12, ekari moja inachukua mikorosho 28 hivi, na matunda ya maana usiyategemee kabla ya mwaka wa tatu. Ndiyo maana familia nyingi huanza kwa kubangua korosho za wengine. Hapo uliza Bodi ya Korosho kuhusu leseni, ununue kwa utaratibu wa chama cha msingi cha ushirika na stakabadhi za ghala. Kangomba, yaani kununua korosho kwa wakulima kinyemela nje ya utaratibu huo, usiiguse, hata kama jirani anakuambia kila mtu anafanya.

Sasa kisu. Chota korosho kidogo kidogo kutoka magunia mengi, juu, katikati na chini, uchanganye, upime kilo moja. Pasua kila korosho katikati. Tenga nzuri, tenga zenye doa au zisizokomaa vizuri, tupu, zilizooza na zilizoliwa na wadudu weka kando. Toa viini kwenye maganda, chukua uzito wa viini vizuri kwa gramu, ongeza nusu ya uzito wa vile vyenye doa au visivyokomaa, zidisha kwa 0.17637. Jibu ni pauni za kiini kwa gunia la kilo 80. Mfano: viini vizuri gramu 270, vyenye doa gramu 20, unapata 280, yaani pauni 49.4. Shehena iliyo chini ya pauni 45 mimi siinunui, hata kwa bei ya kutupa.

Madoa hayo hutoka shambani. Korosho isichumwe mtini. Ianguke yenyewe, iokotwe kila siku ikiwezekana, inyofolewe kwenye bibo, lile tunda lake, bila kuacha nyama. Iliyolala siku kadhaa kwenye udongo wenye unyevu huingia weusi, na hapa kwetu mvua za Novemba na Desemba huwakuta wengi bado wanaokota. Anika kwenye turubai au sakafu safi, tabaka jembamba, siku 2 hadi 3, ukigeuza. Iliyokauka ukiitikisa inalia, na kucha haiachi alama kwenye ganda. Hifadhi kwenye magunia ya juti juu ya vichanja. Kiroba cha plastiki huzuia hewa, korosho zinatoka jasho na kuota ukungu. Na uzito utashuka kidogo ghalani. Huo ni unyaufu, usimshike mlinzi.

Kabla ya kuchemsha, chekecha kwa ukubwa. Watu huruka hatua hii, kisha wanalaumu kisu cha kubangulia. Korosho kubwa na ndogo zikiingia pamoja kwenye mvuke, ndogo huiva kupita kiasi na kiini kikageuka kahawia, kubwa hubaki mbichi na kiini kikashika ganda. Anza na dakika 20 za mvuke, pasua korosho 10, kisha ongeza au punguza. Tandaza zipoe usiku kucha; ganda likishakuwa kavu na gumu hukatika vizuri.

Wabanguaji wavae glavu au wapake mafuta ya kula au majivu mikononi, kwa sababu mafuta ya ganda hubabua ngozi. Watoto wasiwe karibu. Maganda ni kuni nzuri za bwela, ila moshi wake ukiingia kwenye chumba cha kukaushia, kiini kinabeba harufu hiyo mpaka kwa mteja.

Kiini kilichobanguliwa kaushe kwa nyuzi joto 65 hadi 70 za Selsiasi kwa saa 6 hadi 8, ukibadilisha nafasi za trei kwa sababu za juu na za chini hazipati joto sawa. Ngozi ikijitenga kwa kidole, toa. Ukizidisha, korosho nzima zinavunjika wakati wa kumenya, na hapo ndipo fedha zinapomwagika, maana nzima nyeupe ndizo zenye bei. Nzima hupangwa kwa idadi ya punje katika pauni moja: daraja la W240 ni punje 220 hadi 240, W320 ni 300 hadi 320. Namba ndogo, korosho kubwa.

Gunia la kilo 80 tegemea likupe kilo 16 hadi 19 za korosho zilizomenywa. Kila shehena ipe namba, na kwenye daftari andika kijiji, tarehe ya kununua, matokeo ya kisu na dakika za mvuke. Mteja wa korosho bora, kama yule wa kahawa ya Mbinga, atakuuliza imetoka wapi. Pakia kwenye mifuko ya foili isiyopitisha hewa, siku ileile unayomaliza kupanga madaraja, kwa sababu hewa ya pwani ya Mtwara hurudisha unyevu kwenye korosho kabla hujapata mnunuzi.