Okiku, mzimu anayehesabu sahani

Watu wakishajua kazi yangu ni ngano za Kijapani swali huwa lile lile, eti yule mzimu wao wa nywele ndefu na nguo nyeupe katokea wapi. Nguo ile ni sanda jamani. Alizikwa nayo, karudi nayo. Miguu ndo wachoraji walimnyima, hasa Maruyama Ōkyo kwenye karne ya 18, alimchora anafifia kuanzia kiunoni kwenda chini na ikabaki hivyo. Wao wanamwita yurei, marehemu aliyeondoka na kinyongo, na usimchanganye na yokai, hao ni mazimwi na viumbe vya ajabu, familia nyingine kabisa.

Mi nikitaka kumuelezea naanzia kasri la Himeji. Uani pale kuna kisima, kimezungushiwa mawe na juu kimefunikwa wavu wa chuma, wanasema ndimo alimotupwa Okiku. Alikuwa mtumishi, anatunza sahani 10 za thamani za bwana wake, mtu akaficha moja makusudi, akasingiziwa yeye, akafungwa kamba akateswa mpaka kufa. Usiku sauti inatoka kisimani, ichimai, nimai, sanmai, taratibu, ikifika kumai, yaani ya tisa, kimya kidogo halafu kilio. Tokyo nao wana Okiku wao na kisa kimegeuzwa kidogo, kila mji unavutia kwake.

Sasa mwaka 1795 visima vya Himeji vikajaa vifukofuko vya kipepeo, na ukikiangalia kimoja kwa karibu kweli unaona mwanamke kainama mikono imefungwa nyuma, na kauzi kembamba kamemshikilia ukutani. Watu wakasema huyo ndo Okiku, wakakaita mdudu wa Okiku. Kipepeo mwenyewe leo ni nembo ya mji ule.

Ila ninayoipenda mimi ni ya rakugo, wale wachekeshaji wanaosimulia wamekaa chini. Kwao ukisikia tisa unakufa, kwa hiyo vijana wanakwenda kumchungulia (mzimu mwenyewe mrembo) na akifika sita au saba wanatoka mbio. Habari zikaenea, watu wakajaa, siku hiyo hakuna hata pa kupitia, Okiku akahesabu tisa, akaendelea kumi, kumi na moja, mpaka kumi na nane. Wakamuuliza we dada vipi tena, sahani si tisa? Akawajibu kwa hasira, nimehesabu na za kesho kabisa, kesho sipo kazini.