Kubomoa si kuangusha

Kubomoa ni kuliondoa jengo kwa mpango, kipande kwa kipande, mpaka kiwanja kibaki tayari kwa ujenzi mwingine. Maana yenyewe ndiyo hiyo. Naiandika kwa sababu mwezi huu, hapa Bagamoyo, nimesikia mara tatu watu wakisifia nyumba "iliyobomolewa kwa nusu siku." Ya mwisho naijua. Vijana walichimbua ukuta chini kwa mtaimbo, wakakimbia, nyumba ikalalia uwani kwa jirani.

Kisikilize kitenzi chenyewe. Paa tunaliezeka, kisha tunaliezua. Shimo tunalifukia, kisha tunalifukua. Tundu tunaliziba, kisha tunalizibua. Ule mwisho wa -ua mara nyingi unarudisha nyuma kazi iliyokwisha kufanywa, na penye o kwenye mzizi unakuwa -oa: choma mkuki, chomoa mkuki. Bomoa haina mwenzake wa kujenga tunayemtumia leo, lakini kwa sauti na kwa maana imekaa na ukoo huo. Anayebomoa anarudi kwa njia ile ile aliyopita mjenzi, akianzia alipomalizia mwenzake: bati, kenchi (mbao zinazobeba paa), linta (mkanda wa zege juu ya milango na madirisha), ukuta, jamvi (sakafu ya zege ya chini), halafu msingi.

Sasa weka -ka mwishoni: bomoka. Hapo mtendaji hayupo. Ukuta umebomoka kwa mvua, umebomoka kwa uzee. Nyumba iliyochimbuliwa chini ikaanguka ilikotaka yenyewe imebomoka, hata kama kuna mtu alilipwa.

Kwa nyumba zetu za Mji Mkongwe wa hapa Bagamoyo tofauti hii ni kubwa kuliko kwa nyumba ya tofali. Kuta zake ni mawe ya matumbawe na chokaa, nene sana, na ndani ya ukuta mmoja mna vipande vidogo vilivyojazwa katikati. Sakafu ya juu imelala juu ya boriti za mikoko zilizopenyezwa ukutani pande zote mbili, na boriti hizo ndizo zinazozishikilia kuta zisiachane. Ukizichomoa kabla ya kushusha ukuta ulio juu yake, umeacha kuta ndefu zimesimama peke yake. Ukitoboa chini, ule ujazo wa katikati unamwagika kama mchanga. Ndiyo maana ghorofa hushushwa moja baada ya moja, kutoka juu, na kifusi hakirundikwi juu ya sakafu iliyobaki.

Tena si kila kitu ni chako kukigusa. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda majengo ya kabla ya 1863, na hata milango ya kuchonga ya kabla ya 1940. Niliwahi kuona fremu ya mlango wa namna hiyo imelala kwenye kifusi, imepasuka katikati. Iliniuma kwa siku kadhaa.

Kabla ya nyundo ya kwanza kuna kibali cha halmashauri, na umeme na maji vikatwe na mashirika yanayovitoa, si na fundi. Paa likiwa la asbesto halivunjwi hata kidogo, maana vumbi lake huharibu mapafu. Hulowanishwa, likafunguliwa zima zima na watu wenye vifaa na ujuzi wa kazi hiyo.

Na kiwanja hakiko tayari kwa sababu tu kifusi kimeondoka. Shimo la zamani la choo liko wapi? Litafutwe, linyonywe, lijazwe na kushindiliwa kwa tabaka. Nguzo mpya ikisimama juu ya shimo lililofunikwa kwa udongo tu, itatitia.

Kwa hiyo, ndugu yangu uliyenisimulia habari ile pale kata ya Dunda kwa furaha, kazi ile ya nusu siku iite kuangusha. Nyumba ilibomoka. Kubomoa kwenyewe ndiko anakofanya sasa yule fundi mzee aliyeitwa kuondoa kipande kilichobaki, jiwe moja moja, upande wa jirani ukiwa umezungushiwa mabati.