Bima ya uzazi: nani hulipa mshahara wa mama aliye likizo?

Mama akijifungua, sheria inasema mshahara usikatike. Pesa hiyo hutoka kwa mwajiri mwenyewe, au kwenye mfuko unaochangiwa kila mwezi, yaani bima ya uzazi. Wanaodai siku za likizo ziongezwe mara nyingi hulipita swali hili, na ndilo linaloamua nani ataajiriwa.

Kenya humbebesha mwajiri. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama miezi 3 kwa mshahara kamili, baba wiki 2. Chukua duka la dawa lenye wafanyakazi 10, kila mmoja akilipwa shilingi 40,000. Mmoja akijifungua, mwenye duka hutoa 120,000, na juu yake amlipe anayeshika nafasi. Benki haitikisiki kwa hilo, duka linatikisika. Ndipo mkataba wa miezi sita unapoachwa uishe tumbo likishaonekana, au msichana anaulizwa kwenye usaili ataolewa lini.

Rwanda iliunda mfuko kwa sheria ya 2016: asilimia 0.6 ya mshahara, nusu ya mwajiri, nusu ya mfanyakazi. Katika wiki 12 za wakati huo, mwajiri alibaki na 6 za kwanza, mfuko ukachukua zilizosalia. Kwa mishahara ya duka letu, mwajiri angechangia shilingi 120 kwa kila mfanyakazi, yaani 1,200 kwa mwezi, awe na mjamzito au la. Wanaume nao hukatwa, na wengine hunung'unika, lakini wakiondolewa, mwanamke anakuwa tena mwajiriwa wa gharama zaidi.

Tanzania ina vyote viwili. Sheria ya 2004 inataka siku 84 zenye malipo, 100 kwa mapacha. Mama atoe taarifa miezi 3 kabla, pamoja na cheti cha daktari. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, nayo ina fao la uzazi kwa mwanachama aliyetimiza michango. Linalokwamisha wengi ni michango iliyokatwa kwenye mshahara bila kuwasilishwa, na mama hugundua siku ya kudai. Taarifa ya michango iangaliwe mimba ikiwa bado changa.

Mama lishe na dada wa kazi asiye na mkataba hawana hati ya mshahara ya kukatwa chochote. Kuwafikia kunahitaji pesa ya kodi, na hapo mjadala huhamia kwenye bajeti ya serikali.