Ujumbe usiojibiwa: haiba ya mpakani na watu wa karibu

Jina la haiba ya mpakani (kwa Kiingereza borderline personality disorder) linapotosha. Mwaka 1938 daktari Adolf Stern aliwaita wagonjwa hawa watu wa mpakani, kwa kuwa hawakuingia vizuri katika makundi ya maradhi ya akili yaliyojulikana wakati ule. Jina likabaki, ingawa shida yenyewe ni nyingine: hisia zinazopanda upesi, zinazochelewa kushuka, na hofu kubwa ya kuachwa. DSM-5, mwongozo wa Marekani wa kutambua maradhi ya akili, unataja vigezo 9, na 5 vinatosha kumtambua mgonjwa. Kwa hesabu hiyo, wagonjwa wawili wanaweza kufanana kwa kigezo kimoja tu.

Ndiyo maana ninapomsikiliza mgonjwa nataka kujua hofu hii inaamshwa na nani. Mara nyingi si na kila mtu. Mtu anaweza kushinda kazini vizuri, akacheka na majirani, kisha jioni akaporomoka kwa sababu mwandani wake amemjibu "sawa" bila neno jingine.

Tabia ya mtu ndiyo inayoamua dhoruba itatokea upande gani. Mwenye pupa hupiga simu mara kumi, hutukana, hutangaza kwamba yeye ndiye anayeondoka. Mkimya hupitia hayo hayo kimoyomoyo: anazima simu, anajiadhibu, anasema hana neno. Huyu wa pili ndiye anayenitia wasiwasi zaidi, maana ni rahisi kumtibu sonona peke yake na kuiacha hofu ya kuachwa bila kuguswa.

Marsha Linehan, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeanzisha DBT (tiba ya mazungumzo inayofundisha stadi za kutawala hisia), alieleza mzizi hivi: mtoto aliyezaliwa na hisia nyepesi kuamka analelewa mahali anapoambiwa kila mara kwamba anajidekeza. Si lazima wazazi wawe wabaya. Lakini mtoto hujifunza kwamba kilio kidogo hakisikiki. Ukubwani mambo hujirudia: ukipuuza jumbe tisa ukajibu wa kumi kwa hofu, umemfundisha kutuma kumi.

Basi jibu mapema, kwa kipimo kilekile. "Niko kwenye kikao, nitakupigia saa 11 jioni," kisha saa 11 upige kweli. Ahadi ya "sitakuacha kamwe" haisaidii. Utulivu wake haudumu, na kesho itadaiwa kubwa zaidi. Pia kubali maumivu bila kukubali shtaka. "Naona uliumia niliponyamaza" si sawa na "kweli nilikudharau". Wengi hukosea hapa: wanakimbilia kujitetea kabla mwenzao hajasikilizwa, naye anapandisha sauti.

Hasira ikifika 7 kati ya 10, acheni hoja. Mwili utulie kwanza: maji baridi usoni huku umezuia pumzi kwa sekunde 30 hivi (mwenye ugonjwa wa moyo asifanye hivyo), au kutoa pumzi polepole kuliko unavyoivuta. Kisha mgonjwa aandike mistari miwili. Tukio: hajajibu kwa saa mbili. Tafsiri: amenichoka. Chini yake aongeze tafsiri nyingine mbili zinazowezekana, ndipo aamue kama ujumbe utumwe.

DBT kamili ina kikao cha mtu na mtaalamu kila wiki, kundi la kujifunza stadi, na simu kati ya vikao; kwa kawaida huchukua mwaka hivi. Dawa inayotibu haiba ya mpakani yenyewe haipo, ingawa sonona inayoambatana nayo inaweza kuhitaji dawa. Dalili kali hupungua kwa wengi kadiri miaka inavyopita. Kazi na mahusiano huchelewa kutengemaa.

Neno moja naomba liachwe: "anatafuta kuangaliwa". Mtu akisema anataka kufa, hata kama ni mara ya kumi, muulize waziwazi kama ana mpango, ondoa dawa na vitu vya hatari, usimwache peke yake, na mpeleke hospitali usiku huohuo.