Jimmy McGrory: mfungaji aliyekuwa mfupi, na silaha yake ilikuwa kichwa

Uliza mashabiki wa Celtic, klabu ya Glasgow, Uskoti, juu ya mfungaji wao hodari, wengi watakutajia Henrik Larsson na mabao yake 242. Ni mengi kweli. Juu yake yupo Bobby Lennox mwenye 273. Na juu ya Lennox, kwa pengo la karibu mabao 200, yupo Jimmy McGrory mwenye 468. Aliichezea klabu hiyo kati ya 1922 na 1937. Ukihesabu ligi peke yake, pamoja na mabao 13 ya msimu aliopelekwa Clydebank kwa mkopo, alifunga 408, na idadi ya mechi alizocheza ni karibu hiyo hiyo. Bao moja kila mechi, tangu akiwa kijana hadi anatundika daluga.

Mimi ni kocha wa washambuliaji, kwa hiyo kinachonivuta kwa McGrory ni namna alivyofunga kuliko hesabu yenyewe. Mtoto huyu wa mtaa wa Garngad, Glasgow, aliyezaliwa 1904 katika familia ya wahamiaji wa Ireland, hakufika mita 1.70. Alikuwa na mabega mapana na shingo nene, na silaha yake kubwa ilikuwa kichwa. Magazeti yakampachika jina la Torpido.

Wachezaji wengi wafupi hukata tamaa na mipira ya juu kwa sababu wanadhani mashindano ni ya kuruka. Beki mrefu anaruka wima na kuusubiri mpira umfikie. McGrory hakumpa nafasi hiyo: aliufuata mpira mbele, ungali unashuka, mara nyingi ukiwa usawa wa kifua au kiuno, mahali ambapo beki hathubutu kuingiza kichwa na mguu wake bado haujafika. Mwili unalala hewani, shingo imekazwa, na kasi yote ya mbio inaingia kwenye mpira. Hapo urefu hausaidii kitu. Kinachohitajika ni kuusoma mguu wa winga kabla krosi haijapigwa, na roho ya kutupa uso katikati ya viatu vya watu.

Fainali ya Kombe la Uskoti ya 1925, uwanjani Hampden Park, inaonyesha jambo hilo vizuri. Dundee waliongoza. Patsy Gallacher akasawazisha kwa bao ambalo Glasgow wanalisimulia hadi leo: alianguka karibu na mstari akiwa ameubana mpira kwa miguu, akabinuka sarakasi na kuingia nao wavuni. Muda ukiwa unayoyoma, Celtic wakapata mpira wa adhabu. Krosi ikaja ya chini chini, McGrory akapiga mbizi na kuitia kimiani. Wakati huo hata miaka 21 alikuwa hajatimiza.

Miezi michache baadaye sheria ya kuotea ikabadilishwa. Zamani mshambuliaji alihesabiwa ameotea iwapo kati yake na mstari wa goli hawakuwapo wapinzani watatu. Beki mmoja mjanja akisogea hatua mbili mbele, safu nzima ya mbele imekwama. Kuanzia 1925 walitakiwa wawili tu. Mabao yakamiminika kote Uskoti na Uingereza, na kila anayezitazama takwimu za wafungaji wa enzi hiyo lazima alikumbuke hilo. Lakini sheria ililegea kwa masentafowadi (washambuliaji wa kati) wote, na aliyefunga mabao manane katika mechi moja ya ligi kuu ya Uskoti ni McGrory. Ilikuwa Januari 14, 1928, Celtic wakiichapa Dunfermline 9-0. Rekodi hiyo ingali yake.

Mpira wenyewe ulikuwa wa ngozi, umefungwa kwa kamba mbele, na mvua ikinyesha ulikunywa maji na kuwa mzito kama jiwe. Leo tunafahamu zaidi madhara ya kupiga vichwa mara kwa mara, na Uskoti yenyewe ilipiga marufuku mwaka 2020 mazoezi ya vichwa kwa watoto walio chini ya miaka 12. Naunga mkono hatua hiyo kwa moyo wote. Kwa wadogo hao nafundisha mbio na muda wa kuingia kwenye boksi, na hayo ndiyo yaliyombeba McGrory.

Kiangazi cha 1928 McGrory alikuwa safarini na meneja wake, Willie Maley, kwenda kuhiji Lourdes, Ufaransa. Walipopita London walimkuta Herbert Chapman, meneja wa Arsenal, akiwangoja. Chapman alikuwa tayari kutoa pauni 10,000 kumnunua McGrory, na waliporudi akajaribu tena. McGrory akakataa. Baadaye alisema kwamba jina la "McGrory wa Arsenal" halikumkaa sikioni kama "McGrory wa Celtic". Ikumbukwe kuwa Uingereza wakati ule mshahara wa mchezaji ulikuwa na kikomo cha pauni nane kwa wiki, kwa hiyo unono wa dili hilo ulikuwa wa klabu, si wake. Hata hivyo shukrani aliyoipata nyumbani inaniuma kila nikiisoma: alikuja kugundua kwamba wenzake kikosini walilipwa pauni tisa kwa wiki, yeye nane.

Timu ya taifa alichezea mara saba tu, akafunga mabao sita. Wengi huona ni dhuluma. Mimi naiona ni bahati mbaya ya kuzaliwa zama moja na Hughie Gallacher, mfupi kuliko yeye, aliyeiongoza Newcastle kutwaa ubingwa wa 1927 kwa mabao 36 ya ligi. Gallacher aliweza kurudi nyuma, kupiga chenga na kuwachezesha wenzake, na kikosi kilichoinyuka Uingereza 5-1 pale Wembley mwaka 1928 kilimhitaji mtu wa aina hiyo. Siwezi kuwalaumu waliomchagua. Ninachowalaumu ni kwamba McGrory hakupangwa Wembley hata mara moja.

Hampden, hata hivyo, walimwona. Aprili 1933, mbele ya watu zaidi ya 130,000, Uskoti na Uingereza zilikuwa 1-1, bao la Uskoti likiwa la McGrory. Dakika za lala salama Bob McPhail wa Rangers, mtani wa jadi, akamtengea sentafowadi wa Celtic, naye akafunga la pili. Kelele zilizopasuka hapo ndizo watu wanazozihesabu kuwa mwanzo wa mngurumo maarufu wa Hampden.

Msimu wa 1935/36, akiwa na miaka 31, alifunga mabao 50 ya ligi, huku Jimmy Delaney na Frank Murphy wakimlisha kutoka pembeni, na Celtic wakarudisha ubingwa walioukosa kwa miaka kumi. Desemba 1937 akaondoka kwenda kuifundisha Kilmarnock. Miezi michache baadaye Kilmarnock wakawatoa Celtic kwenye Kombe la Uskoti na kusonga hadi fainali.