Mzio mkali wa karanga na safari ya Guangzhou

Wafanyabiashara wengi wa Kariakoo na Eastleigh huenda Guangzhou kufuata mzigo, na wale wenye mzio wa chakula wanaopita kliniki kuomba ushauri huanza kwa kuuliza ni vyakula gani waviepuke huko. Swali hilo ni la haki, lakini kwa mtu ambaye amewahi kuvimba koo au kuishiwa pumzi baada ya kula karanga, liko linalolitangulia: dawa yako itakuwa wapi utakapoihitaji, na ni nani aliye karibu nawe anayejua kuitumia?

Dawa hiyo ni adrenalini. Piritoni na setirizini hupunguza muwasho na vipele, ila haziwezi kufungua koo linaloziba wala kupandisha shinikizo la damu linaloporomoka, na kuzimeza kisha kusubiri ni kupoteza dakika ambazo mgonjwa hana. Kalamu za adrenalini, yaani sindano zenye umbo la kalamu zilizokwisha kujazwa dawa, ambazo kwa mtu mzima kwa kawaida hutoa miligramu 0.3, ni adimu katika maduka yetu ya dawa, na si busara kutegemea kuzipata China. Zitafute mapema kupitia daktari wako, tena ziwe mbili, kwa sababu dozi moja huenda isitoshe. Zikikosekana kabisa, mwombe daktari awafundishe wewe na mwenzako wa safari kuvuta adrenalini ya kichupa kwa bomba la sindano, akuandikie kipimo chako, na mfanye mazoezi mbele yake hadi mikono izoee. Mwenye pumu ahakikishe imedhibitiwa kabla ya kuondoka, maana pumu isiyotulia huongeza hatari ya shambulio kuwa kali.

Beba barua ya daktari inayoeleza kwa nini una sindano, ikiwezekana pamoja na tafsiri yake ya Kichina. Dawa isiwekwe kwenye begi linaloingia tumboni mwa ndege, kwa kuwa begi linaweza kupotea na huko chini kunaweza kuwa na baridi kali inayoiharibu. Ikae kwenye pochi ya kiunoni, ndani ya ndege na hata unapozunguka masoko ya jumla. Kuiacha hotelini kwa kuwa "natoka mara moja tu" ni kosa ambalo ningependa kila msafiri aliogope kuliko karanga zenyewe.

Kuhusu chakula, mapishi ya Guangdong, jimbo lenye mji wa Guangzhou, hutumia sana mafuta ya karanga, na yale yaliyokamuliwa bila kusafishwa sana hubaki na protini inayoamsha mzio. Karai moja hupika oda nyingi kwa kusuuzwa tu, uji wa wali hunyunyiziwa karanga za kukaanga, na katika baadhi ya migahawa kisahani cha karanga huwekwa mezani kabla hujaagiza chochote. Kwenye paketi tafuta maandishi 花生, yaani karanga, na 花生油, mafuta yake. Hata hivyo, kutoyaona si uthibitisho wa usalama, kwa kuwa kiwango cha China cha mwaka 2011 kiliacha tahadhari ya vizio, yaani vitu vinavyoamsha mzio, kwenye vifungashio kuwa jambo la hiari, tofauti na Umoja wa Ulaya, ambako vizio 14 ni lazima vitajwe. Ajenti wako akuandikie kadi ya Kichina isemayo kwamba karanga, mafuta yake na karai lililozipikia vinaweza kukuua. Kadi ionyeshwe kwa mpishi mwenyewe, na akisitasita, ondoka. Binafsi nashauri utegemee zaidi matunda unayomenya mwenyewe, mayai ya kuchemsha na wali uliopikwa kwa maji matupu.

Shambulio likianza, choma sindano upande wa nje wa paja, hata juu ya nguo, kisha ulale chali na kuinua miguu. Anayehema kwa shida akae, lakini asisimame wala kutembea. Mwenzako apige 120, namba ya gari la wagonjwa China, au amwombe mhudumu wa hoteli azungumze kwa niaba yake. Hali isipotulia ndani ya dakika 5 hadi 15, choma ya pili. Nenda hospitali hata ukijisikia umepona, kwa sababu dalili zinaweza kurudi baada ya saa kadhaa, na kama ndege yako ya kurudi ni usiku huohuo, ahirisha safari mpaka daktari akuruhusu.